Mtoto wa Thuraya na Sikio Langu la Kushoto

Temeke,
Dar es Salaam,
Jumapili, 14 Oktoba 1956.

Mpendwa Mama mdogo Auleria,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limepata nafuu. Buni zimekaukaje mwaka huu? Sisi hapa hatujambo. Gaudens mume wangu yumo katika ukarani wake, na watoto wanakula kama mchwa. Wilbert anayekusomea namwomba asome polepole, wala asiruke mahali kwa kukuonea huruma.

Hilo neno hatujambo nimeliandika kwa mazoea. Mimi sijambo nusu. Tangu mwaka jana sikio langu la kushoto lilikuwa likivuma, nikadhani ni mafua. Kisha nikawa nayumba nikisimama ghafula. Majirani wakasema nimeanza kuringa, kwa kuwa wakinisalimu kwa upande huo sijibu. Nikawaacha waseme. Kuitwa mwenye maringo kulikuwa afadhali kuliko kuitwa kiziwi, maana mkunga kiziwi nani atamtaka?

Mwezi wa Agosti daktari alinipiga picha ya kichwa. Kuna uvimbe mdogo ndani, kwenye mshipa wa kusikia. Aliniambia si saratani, hausambai, ni uvimbe usio na madhara. Alisema hayo kwa furaha, naye amesimama kushoto kwangu, ikabidi nigeuke arudie. Sikio hilo halitasikia tena. Hapa hawawezi kuupasua, na hata huko ng'ambo wakiupasua uso unaweza kupooza upande mmoja. Nimeambiwa niishi nao.

Ila sijakueleza kilichonipeleka kwa daktari, na ndicho kinachonikosesha raha.

Hapa mtaani kuna duka la Hamoud, Mwarabu mmoja mpole. Mke wake, Thuraya, alikuja kiliniki mwezi wa Julai, mimba ikiwa na miezi minane. Nikaweka tumboni ile pembe ya mti ya kusikilizia moyo wa mtoto, nikatega sikio la kushoto, maana ndilo nililozoea tangu chuoni. Kimya. Nikaihamisha huku na huku. Kimya. Sikio la kulia sikulijaribu hata mara moja, kwa sababu kulijaribu kungekuwa kukiri.

Thuraya akasema, "Mbona anacheza, bibi? Asubuhi hii kanipiga teke."

Nikamjibu kuwa hayo ni maji tu. Nikamwambia mtoto wake amekufa.

Wewe, uliyezalisha wanawake miaka yote bila chuo, ungeweka kiganja chako na kusubiri. Nakumbuka nilivyokucheka niliporudi na cheti changu, nikasema mikono haina masikio. Nisamehe, Mama mdogo.

Nyumba ile iliingia msiba. Mama mkwe wake, Bi Hamdiya, alikata kipande cha bafta dukani kiwe sanda. Siku ya nne uchungu ukamshika Thuraya, nami nikaitwa. Mtoto alitoka amelegea, nikamfunika bafta upesi ili mama yake asimwone, nikageuka kumhudumia mzazi. Kilio kikaja. Mwenye sikio moja hajui sauti inatoka wapi, nikadhani ni mtoto wa jirani, mpaka Bi Hamdiya alipoifunua ile bafta.

Laiti wangenitukana siku ile. Badala yake walisema Mungu amemrudisha, na mikono yangu ina baraka. Wakasoma maulidi ya shukrani, nikawekwa mbele pamoja na wazee wao, nikapewa sahani ya kwanza ya pilau na doti ya khanga. Nikala. Khanga sijaivaa. Sasa wanawake wananitafuta mimi tu, na wiki iliyopita mmoja alivuka kutoka Kigamboni akitaka apimwe na yule mkunga wa muujiza. Nampima kwa sikio la kulia, nasikia vizuri kabisa, lakini narudia kumpima tena na tena.

Gaudens anasema ninyamaze. Mtoto mzima, mama mzima, nani kaumia? Nami nilikuwa nikijituliza kwa maneno hayo mpaka juzi.

Juzi Thuraya alikuja kunitembelea na mtoto. Watu walipotoka akaniambia jambo ambalo hajamwambia hata mumewe. Zile siku nne mtoto alikuwa akicheza tumboni, naye akaona amerukwa na akili. Akawa anajifunga tumbo kwa kitambaa ili asiyasikie yale mateke. Mpaka leo haiamini akili yake, na mtoto akilia huuliza watu kwanza kama nao wanamsikia.

Nimelia tangu juzi. Kesho asubuhi, kabla ya kazi, nitakwenda kumwambia kuwa akili yake ilikuwa nzima, sikio langu ndilo lililokufa. Nikitoka huko nitamwambia na mkuu wa kiliniki, waamue kama bado nafaa. Huenda barua yangu nyingine ikatoka kwa mwanamke asiye na kazi.

Msalimie Baba mdogo Adelard, na dada Benedicta na wanawe. Wilbert, ahsante kwa kusoma. Mungu akutunze, Mama mdogo, na mikono yako hiyo.

Niombee asubuhi. Nimekwisha kufikiri tutakavyoketi. Nitamweka Thuraya kulia kwangu, maana yote atakayoniambia nataka niyasikie.

Ni mimi, mwanao nikupendaye,
Felicitas