Waya Aliokuja Nao Bhoke

Jumanne usiku

Na mimi nilidhani waya ni waya tu.

Ule niliofunga kwenye redio yetu ya upepo hapa Matongo ulikuwa wa televisheni, mwembamba, umetoka kibandani hadi kwenye antena juu ya kilima. Wiki iliyopita udongo ulipomfukia kaka yangu Mwita duarani, kwenye shimo la dhahabu, niliita gari la wagonjwa kwa redio mpaka koo likakauka. Dereva hakusikia kitu. Wachimbaji wenzake Mwita walimfukua kwa mikono, akatoka mzima. Sitaki hata kuandika zaidi.

Leo amekuja mkewe, Bhoke, anayetengeneza redio kule Sirari. Nilijiandaa kugombezwa. Yeye akauchuna waya wangu kwa kisu, akanionyesha nyuzi za shaba zinazozunguka ndani, chache, zimeachana.

“Shemeji, huu umevaa wavu. Sauti inavujia humu.”

Alikuja na mwingine mnene, wa redio za kutuma, nyuzi zimesukwa zikabanana. Nikaanza kuuvuta kuelekea kilimani. Akanizuia, akasema hata waya mzuri ukiwa mrefu unakula sauti. Akabeba mwenyewe redio na betri hadi chini ya antena, akakata kipande kifupi tu. Kichwa alicho nacho huyu mama...

Nilipoita, dereva alijibu akiwa mbali, kule Kenyamonta. Nilimsikia hadi akikohoa.

Jioni Mwita ameuliza tu, “Wanasikia?” Nikamwambia wanasikia.

Kesho anashuka tena duarani. Bhoke anajua hawezi kumzuia, ndiyo maana amekuja na waya.