Mtu wa Karatasi na Kibanja cha Kanazi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mgongo na viganja vinalalamika. Jengo limefika ghorofa ya kumi na nne, na jua la Dubai likishazipiga nondo huzishiki bila glavu mbili. Wewe je, magoti bado yanakuruhusu kwenda mazoezi ya kwaya? Na kile kikohozi? Barua hii anakuja nayo mwenzangu wa Kahororo aliyemaliza mkataba.

Mwezi uliopita uliniuliza jambo kwa simu, nikasema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Baba mdogo anataka kikao cha ukoo kimkabidhi kibanja cha Kanazi alichoniachia marehemu tata, baba yangu, akishike mpaka nirudi, kwa kuwa mimi sipo na dada Koku ni mwanamke. Ulitaka neno langu, nami sikuwa nalo. Sasa ninalo, na nilikolipata utashangaa.

Chumbani nakaa na Jun, fundi umeme wa Ufilipino, na Wafula, Mkenya ninayefunga naye nondo. Ijumaa, siku yetu ya kupumzika, Jun hutandaza karatasi mezani tukacheza mchezo wa hadithi. Si kamari, Mama. Dadu zipo, lakini hakuna anayeweka hela. Jun anasimulia nchi ya majoka na misitu, na kila mmoja wetu anatunga mtu wake wa kuingia humo. Unamwandika kwa penseli: jina lake, kazi yake, ametoka wapi. Nguvu zake zinatoka kwenye dadu tatu, kuanzia tatu hadi kumi na nane.

Wafula alitunga mchawi. Mimi uchawi nilikataa, nisije nikakuaibisha kanisani, nikatunga mhunzi. Dadu zikampa nguvu sita.

"Mhunzi gani huyu?" Wafula akasema. "Nyundo ndiyo itambeba yeye."

"Busara anayo," nikajibu.

"Busara ya kukimbia."

Ndipo Jun akauliza, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, ndugu za mhunzi wako wapi. Mchawi wa Wafula ni yatima, wazazi wake waliliwa na joka. Jun akasema wengi hufanya hivyo, maana mtu asiye na kwao husafiri kirahisi. Nikaweka penseli chini.

"Mama yangu yuko hai," nikasema. "Simziki kwa ajili ya mchezo."

"Si mama yako, bwana. Ni mama wa mhunzi," Wafula akasema.

"Ni yule yule."

Jun hakubisha. "Haya, yuko hai. Wana shamba?"

"Kibanja. Migomba na kahawa."

"Mama yupo, chakula kipo. Sasa mhunzi ameondoka kwa nini?"

Nilitaka kusema umaskini, kama ninavyowaambia wote hapa. Mdomo ukasema, "Kwa sababu dada yake yupo, analima."

"Kumbe shamba ni la dada," akasema, akaanza kuandika.

"Hapana. Ni la mhunzi."

Jun akaniangalia. "Dada analima, na mwenye shamba yuko porini na nguvu sita?"

Wafula alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza.

Nilikuwa namwona Koku mwaka ule wa mnyauko. Hakuwa amemaliza mwezi tangu aachike kule Muleba, na tayari anakata migomba iliyougua na kuifukia, anapita mmoja mmoja na kijiti cha panda akivunja maua, ugonjwa usienee. Mimi nilikuwa nafunga begi. Nikamwambia, "Nitunzie." Hilo tu, hata asante sikusema. Miaka yote hii nakiita kibanja changu, na kahawa aliyopanda sijui iko upande gani.

Basi neno langu ni hili, na lisomwe kikaoni: kibanja nimempa Kokushubira. Si kunishikia. Ni chake na cha watoto wake. Baba mdogo atasema ardhi yenye kaburi la tata haiendi kwa mwanamke. Mwambie kwa heshima kwamba kaburi hilo ni Koku anayelipalilia. Akikasirika, anikasirikie mimi. Wafula ametia sahihi hapo chini kama shahidi.

Koku, najua ni wewe unayemsomea Mama, na hapa umenyamaza. Soma, dada yangu. Usiruke kwa aibu, Mama asikie kwa sauti yako. Nisamehe nilivyochelewa.

Mnisalimie mwalimu wa kwaya, na shangazi wa Rubafu na mumewe. Baba mdogo mpeni salamu zangu kabla ya kikao, si baada.

Nikirudi nitapiga hodi kwa Koku kama mgeni, na mkungu wa kula nitauomba. Akininyima, ni haki yake.

Mwanao akupendaye,
Mutalemwa

Shahidi: Wafula