Kisu Kisichokaa Makali

Jumatatu, 3 Machi

Kisu kimenifia mkononi. Nilikuwa napasua boga, nikakandamiza, chuma kikabaki ndani ya boga na mpini ukabaki kwangu. Nikasimama nao kama mtu aliyekatiwa simu.

Ndicho kilichokuwa cha mwisho katika ile seti ya harusi. Rangi rangi, boksi lenye dirisha la plastiki, wageni wakapiga vigelegele. Cha manjano kilipinda kwenye karoti – karoti! Cha bluu kikaota kutu kama msumari wa paa. Huyu wa kijani alijitahidi, apumzike salama.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ni mama mkwe, lakini namwita Mama, naye ananiita mwanangu, tumeshindwa kabisa kugombana kama watu wanavyotarajia. Alisema vile visu vilikuwa vya kupigia picha, si vya kupikia.

Mtoto wangu Kibonge akalia kwa sababu tumecheka bila yeye. Nikambeba, nikafua kwa mkono mmoja. Nimechoka. Ukiniuliza leo nimefanya nini, sina cha kukuonyesha.

Jumatano, 5 Machi

Msimamizi wa karakana ninakoshona amepiga simu. Tarehe mosi mwezi ujao nirudi, la sivyo cherehani yangu anapewa mwingine. "Kuna mtu anaitolea macho," akasema. Nikamjibu nitakuja. Nitakuja nini? Lazima nije. Mshahara wa baba Kibonge unaishia kwa mwenye nyumba, sisi tunakula wangu.

Kibonge atabaki na Mama. Hilo lilishapangwa kabla hajazaliwa. Mama mwenyewe alisema, nimelea wanne, huyu mmoja atanishinda?

Tunapika kwa kisu cha jirani wa mlango wa pili. Kila nikimrudishia anakigeuzageuza kama anatafuta alama za meno.

Jumamosi, 8 Machi

Nimenunua kisu!

Niliweka nyanya moja laini mfukoni nikaenda nayo sokoni. Muuza visu aliniona tu akaanza.

"Shemeji, chukua hiki, kinakata hata maneno ya wifi."

"Sina wifi."

"Basi una bahati, chukua viwili."

Kilikuwa kinang'aa kama kioo, chepesi kama bati. Nikakipinda kidogo kikacheza. Nikarudisha. Kingine kina meno kama msumeno – sijengi, napika. Kingine kikubwa cha buchani, ningehitaji mtu wa kunisaidia kukibeba. Akaanza kununa. Nikamwambia nitashika vyote, mkono ndio utakaochagua.

Mwishoni kabisa, chini ya miiko, nikakipata. Mpini wa mbao nyeusi, umejaa kiganjani. Chuma kinapita ndani ya mpini mpaka nyuma kabisa, unakiona. Kina uzito, lakini si wa kuchosha. Nikatoa nyanya yangu. Nikaiwekea kisu juu, nikavuta bila kukandamiza. Ikafunguka yenyewe, hata maji hayakuruka.

Muuza visu akasema, "Mwanamke wa kuja na nyanya yake sijawahi kuona."

Si cha bei ya kutupa, si cha kuumiza. Nilikata kitunguu kikaisha kabla sijatoa machozi. Mama alikishika, akaupapasa mpini, akasema kizuri, akakiweka haraka mezani.

Jumapili, 9 Machi

Mama amefunga kidole kitambaa. Anasema mwiba wa fagio. Nikataka kuangalia akaficha mkono kama mtoto.

Maji ya kumwogesha Kibonge aliyoyaandaa Mama leo yalikuwa ya moto! Nilitumbukiza mkono nikautoa mbio. Mama akashangaa, mbona yamepoa? Labda mimi ndiye mwenye ngozi ya mayai. Nikaongeza ya baridi.

Jumanne, 11 Machi

Namwogesha Kibonge, nasikia mlangoni kwaru, kwaru, kwaru. Nikachungulia. Mama amekaa kwenye kizingiti, anakipitisha kisu kwenye ukingo wa saruji. Kisu kipya, tayari ananinolea! Wakwe wa wenzangu wananoa ndimi.

Nikamaliza kuogesha nikiwa na furaha ya kijinga. Mtu akikufanyia kitu bila kuombwa, ukiwa umechoka, unaweza kulia.

Nje nikakuta ndala yake moja katikati ya njia. Nyingine anayo mguuni. Nikampelekea. Akacheka, "Haya, imenitoroka."

Ijumaa, 14 Machi

Kisu hakikati. Nyanya inabonyea kama godoro. Nikakandamiza, kikateleza, nusura nijikate.

Baba Kibonge alikigeuza, akasema nimeuziwa sura. Nikamwambia nilikipima kwa nyanya! Akasema basi nyanya nayo ilihongwa. Sikucheka. Baadaye kidogo nikacheka, lakini jikoni, asinione.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda sokoni nimebeba maneno yangu yote. Mtoto mgongoni, kisu nimekikunja kwenye gazeti.

Muuza visu alikiinua kwenye mwanga. "Dada, unakatia matofali?" (Leo dada, si shemeji.)

"Nakatia nyanya. Nyanya zenyewe zinanicheka."

Akanionyesha. Makali yamelala kabisa, pote, kutoka nchani mpaka kwenye mpini. Akasema kunoa unalaza kisu, unakibembeleza. Huyu mtu amekisimamisha wima, akakisugua. Nikasema ananinolea mama mkwe. Akasema, mwambie apumzike.

Alikinoa mwenyewe na hakutaka kitu. Kikarudi kama siku ya kwanza.

Njia nzima nawaza, nitamwambiaje mtu mzima kwamba hajui kunoa? Nikamwambia, Mama, visu vya siku hizi havipendi saruji, usijisumbue. Akasema, "Sawa, mwanangu." Hakunitazama.

Jumatano, 19 Machi

Butu tena. Butu kama kijiko!

Amepita mnoa visu wa baiskeli, nikamkimbilia na vitenge vikining'inia. Alikanyaga pedali, cheche zikaruka, Kibonge akapiga makofi. Makali yamerudi. Mchana nilimlaza Kibonge na mimi nikapitiwa. Kwenye usingizi nasikia kwaru, kwaru. Nilipoamka kisu kipo mahali pake, kimefutwa vizuri. Nyanya ikabonyea.

Mimi natia, yeye anatoa. Kwa nini? Nimemkosea nini?

Ijumaa, 21 Machi

Niandike polepole.

Nilikwenda dukani, nikakumbuka nimesahau pesa, nikageukia kona. Mama yuko kwenye kizingiti. Nikasimama nyuma ya mashuka niliyoanika. Kisu ameking'ang'ania wima, anakiburuta kwenye saruji, kwaru, kwaru. Halafu akakipima. Si kwa kidole gumba kama watu wote. Alikiinua akakigusisha mdomoni. Mdomo wa chini. Akaburuta tena. Akapima tena mdomoni.

Nilitoka. "Mama, unafanya nini?"

Kisu kikamwanguka. Nilidhani atakuja juu. Akajisogeza, akanipa nafasi kwenye kizingiti. Nikakaa.

Akanifungulia kile kitambaa. Si mwiba. Jeraha refu, kidole kimepasuliwa upande. Siku ile ile niliyokuja na kisu alikuwa anakata kabichi. "Nikaona kabichi ina wekundu. Nikajiuliza, nani ameweka nyanya?" Hakusikia chochote, wala kuwasha. Aliona tu damu.

Vidole havisikii. Miguu nayo. Ndala zinamtoka anaenda zake. Tangu mvua zile za mwaka jana.

"Kile cha kijani hakikunikata kwa sababu hakikuwa kinakata," akasema. Tukacheka, jamani. Tulicheka wote wawili, na machozi yakitoka.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nikisema mtaona sifai kukaa na mtoto. Na wewe kazi yako?"

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilimkumbatia, ndiyo. Lakini kwanza nilimwambia, "Mama, maji ya Jumapili ile yangemuunguza."

Akakizungushia kidole kitambaa chake. Halafu, "Najua. Tangu siku ile silali."

Jumatatu, 24 Machi

Hospitali. Foleni mpaka Kibonge akafanya urafiki na benchi zima. Muuguzi alimchoma Mama kisindano kwenye vidole, akauliza, unasikia hapa? Mama akajibu ndiyo kila mara, hata muuguzi alipokuwa hajamgusa. Nikamgusa bega. Akaacha kudanganya.

Ni sukari. Mishipa ya fahamu. Vidonge, chakula cha kuchagua, na ganzi inaweza kupungua, inaweza isipungue. Ajihadhari na moto na vitu vikali. Muuguzi alisema hivyo huku akiandika, kama anataja siku za wiki.

Baba Kibonge nimemwambia mwenyewe, Mama akiwepo. Akatoka. Nikakasirika – kila mambo yakiwa mazito anatoka! Akarudi na viatu vya mikanda, vya kufunga kwa nyuma. Akapiga magoti akamvalisha mama yake. Halafu akaniuliza, sasa itakuwaje tarehe mosi? Kana kwamba mimi nina jibu kwenye friji.

Jumatano, 26 Machi

Sheria. Nimezitamka jikoni, wote wamesikia.

Kisu kinalala juu ya kabati na kinalala kikali. Asubuhi nakata mimi, kila kitu, vitunguu, mboga, nyama, naacha kwenye mabakuli yenye vifuniko. Mama anapika kwa mwiko. Sufuria inashikwa kwa taulo nene. Kizingiti ni cha kukalia watu.

Mama akasema, "Umekuwa mkali kuliko hicho kisu chako."

Ndiyo, Mama.

Lakini maji. Maji sina sheria yake. Kibonge anajichafua mpaka masikioni, siwezi kusema aoge nikirudi tu.

Ijumaa, 28 Machi

Mama amekuja na wazo. Mdomo unasikia, si ndiyo? Akajipapasa juu ya mkono kidogo kidogo, akafika kwenye kiwiko. Hapo anasikia! Hata akachukua kitambaa cha baridi akanionyesha anavyoshtuka, kama mtu aliyepata kitu kilichopotea.

Kwa hiyo anatumbukiza kiwiko. Mimi napima nyuma yake kwa mkono. Leo ni sawa. Jioni sawa.

Jumapili, 30 Machi

Sawa jana, sawa leo. Kila mara mkono wangu unaingia baada ya kiwiko chake, na yeye ananisubiri amesimama na taulo, kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake lisahihishwe. Hilo nalo linaniuma.

Nimeota karakana. Nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Jumatatu, 31 Machi

Msimamizi amepiga asubuhi. Kesho unakuja au huji? Nikamwambia nitampigia kabla hajafunga. Akasema yule anayeitolea macho cherehani yangu amekaa pale pale mbele yake.

Nimekata kila kitu cha leo, nikakata na cha kesho. Karoti nyembamba kama sarafu. Kisu kinapita tu. Ni kisu kizuri, sijutii. Nimekiosha, nimekikausha, nimekipandisha.

Sasa hivi Mama anaandaa maji uani. Nimesikia akichanganya, ya moto, ya baridi, ya moto tena kidogo. Nikainuka. Akasema kupitia dirishani, "Mwanangu, leo usije."

"Mama –"

"Kesho utakuwa wapi? Kaa."

Nikakaa. Ndiyo maana naandika, ili mkono uwe na kazi. Simu iko hapa mezani.

Namsikia anamvua Kibonge nguo, anamwambia ana tumbo la mwenyekiti. Kibonge anacheka. Kimya kidogo. Hicho ni kiwiko. Kimya kirefu. Anapima tena, najua anapima tena.

"Haya," anasema. "Mguu."

Nimesimama. Hapana, nimekaa. Beseni limegonga saruji, Kibonge yumo majini na bado anacheka. Nachukua simu.