Sikio la Mtamba wa Ganako

Baba,

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: siku ile ulipompeleka mtamba wetu kwa Mzee Boay wa Ganako akutunzie, mimi sikumwangalia. Ulinichukua niwe shahidi, maana ng'ombe wakikaa wote zizi moja ugonjwa huwamaliza, lakini anayewekwa kwa rafiki hana karatasi, ana macho ya watu tu. "Mwangalie vizuri, mama," uliniambia. "Iko siku utaulizwa." Nikaitikia. Lakini gari la watalii likapita kwenda Ngorongoro, nami nikapanda. Kwa mawazo. Nikashuka nalo mpaka chini kwenye kreta, mimi ndiye dereva, Wazungu wananiuliza majina ya wanyama nawajibu kwa Kiingereza bila aibu. Uliponifinya sikio ukauliza, "Umerudi?" mtamba alishaingia zizini.

Nikasema nimerudi.

Sasa hupo duniani, na ile siku imefika. Mzee Boay anasema mtamba alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na ngozi alikuletea iwe ushahidi ukiwa mgonjwa. Mama hakuiona. Baba mdogo anasema ni uongo: yule mwekundu mwenye sikio lililochanika, anayekamuliwa kwa Boay, ndiye wetu. "Wewe si ulikuwepo? Sikio hukuliona?"

Hapo ndipo ninapojishuku, Baba. Aliponiuliza mara ya kwanza sikuona sikio lolote. Mara ya pili nikaliona kwa mbali. Leo nikifumba macho naliona mpaka damu iliyokauka, na nzi juu yake. Kumbukumbu gani hii inayonenepa kila ikisimuliwa? Namshuku baba mdogo pia, ananitazama sana ninapokula. Na Mzee Boay, mbona jana katuletea mahindi mabichi bila kuombwa? Namshuku hata Mama. Anataka maziwa, namjua.

Nikitafuta cha kweli napata vumbi la gari, koti lako linanuka moshi, vidole vyako. Sikio ninalolikumbuka ni langu.

Nasikia viatu vya matairi uani. Baba mdogo anakohoa, na fimbo ya Mzee Boay inagonga jiwe la mlangoni. Siku nyingine karatasi hii ingekuwa chini ya godoro. Leo naiacha mezani. Nitawaambia nilikuwa kwenye gari. Watacheka, "Ndiyo kusoma huko!" na Mama atanuna. Lakini nakuahidi, sitamwita mtu mwizi kwa ng'ombe niliyemfuga kichwani.

Pumzika, Baba. Wanabisha hodi.

Nimerudi.