Mwekuador wa Maseno

Karama, Dubai
9 Machi 2015

Kwako Shangazi Nereah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtoto wa kaka yako. Natumai barua hii itakukuta u mzima, lile goti limetulia, na mvua zimeanza huko Maseno. Mimi mwili wangu hauna neno. Ni uso tu, Shangazi, sina pa kuuweka.

Nilikwambia nimeacha ulinzi nikapata kazi ya maonyesho. Kazi ilikuwa ya kweli. Ni maonyesho makubwa, kila nchi na banda lake, na mimi nilikuwa banda la Ekuador. Usicheke. Arbab wangu, ndivyo huku tunavyomwita tajiri, Raed, aliuza chokoleti na kofia za majani, na wageni walitaka kumwona mwenyeji wa huko. Kumleta mtu kutoka Amerika Kusini ni ghali, na mimi nilikuwa pale mlangoni na sare yangu ya bawabu. Akasema pwani ya kwao, Esmeraldas, wako watu weusi kama mimi, akanivika kofia, akanipa kitabu nikariri. Akanionya kwamba Mkenya yeyote akinisemesha, Kiswahili sikijui. Nikijulikana, khalas, yamekwisha, ananifutia viza.

Nilikariri, wee! Wewe si ulisema siku zote ningefaa kuwa mwalimu? Niliwaeleza wageni kwamba ikweta inapita kwao kama inavyopita kwetu. Kwamba katikati wana milima yenye theluji na volkano ambazo hazijazimika, mashariki msitu wa Amazon, magharibi mashamba ya ndizi na kakao. Kwamba mafuta ndiyo yanayowalisha, na waridi zao zinagombania soko na zetu za Naivasha. Hata zile kofia watu wanazoziita za Panama, kumbe zinasukwa kwao. Niliwasimulia Wakanyari, wenyeji wa milima ile, walivyopigana na Wainka, mpaka Wahispania wakaja wakawatawala wote.

Ila niliyoipenda ni habari ya Esmeraldas. Zaidi ya miaka mia nne iliyopita, meli iliyobeba Waafrika waliotiwa utumwani ilivunjika pwani ile. Walionusurika wakaingia msituni, wakaoana na wenyeji, wakajitawala. Nikifika hapo sauti ilinitetemeka, na wageni walipiga makofi wakidhani nataja babu zangu.

Shangazi, mficha uchi hazai. Acha niseme.

Ijumaa moja ya Januari, nikiwa papo hapo penye meli kuvunjika, nilimwona binti yako Loise amesimama mbele yangu. Alikuja na madam wake wa Mirdif, kumbebea mizigo. Alikuwa amekonda mno. Akaniita Odera, jina la nyumbani. Akaniambia kwa Kijaluo, harakaharaka kabla madam hajageuka, kwamba wanampiga, simu wamemnyang'anya, na mlango unafungwa kwa nje. Akanitajia mtaa na rangi ya geti, akaniomba nipeleke habari ubalozini. Raed alikuwa hatua mbili nyuma yangu.

Nilimjibu kwa Kihispania cha kitabuni kwamba sielewi. Akarudia kwa Kiswahili, machozi yakimlengalenga. Nikajibu vilevile, tena nikitabasamu. Kisha nikawageukia wageni nikaendelea na meli yangu.

Nilijiambia nitakwenda ubalozini kesho yake. Kesho ikawa keshokutwa, ikawa wiki, nikiogopa kuulizwa nilimwona wapi. Sikwenda. Ule mkono wake, Shangazi, hakuteleza bafuni kama alivyokwambia. Aliuvunja akiruka ukuta wa nyumba ile, wiki sita baada ya kuniomba. Dereva wa jirani, mtu asiyemjua, ndiye aliyemwokota na kumfikisha ubalozini; Wakenya wa huku ndio walionisimulia.

Na wewe, aliporudishwa nyumbani, ukanipigia simu kunipa pole, eti Loise amesema hakuwahi kuniona Dubai, mji ni mkubwa. Alinijua, Shangazi. Alinitazama machoni akanijua. Ananisitiri, mimi niliyemkana, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko kama angenitangaza sokoni.

Kofia nimeirudisha jana, na Raed amefanya alichosema atafanya. Nitakuwa nyumbani kabla mwezi haujaisha. Ukinifungia mlango sitalalamika.

Nisalimie Baba na wote wa bomani. Loise usimsalimie kwa niaba yangu. Salamu yake nitaileta mwenyewe, kwa Kijaluo, na asipoitikia nitajua ni haki yake.

Ni mimi mwenye aibu,
Zadock Odera