Kesi ya Aoko Yahamishiwa Ulaya

Kombewa, 14 Februari 1999

Gordon mwanangu,

Hujambo huko Arusha? Sisi tuko, mgongo tu unanisumbua. Ulipopata hiyo kazi ya udereva kwenye mahakama ya mataifa, uliahidi kunijulisha kesi ya dada yako itaanza lini. Ni karibu miaka mitano tangu wamuue Aoko na watoto wake Kigali, kwenye yale mauaji ya kimbari. Tharcisse, aliyesimamia harusi yake na kula samaki nyumbani kwangu, mnaye ndani. Mnangoja nini?

Mama yako.

Arusha, 20 Machi 1999

Mama mpendwa,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Mama, kaa chini kabla hujasoma. Tharcisse hatashtakiwa hapa tena. Kesi inahamishiwa Ulaya, kwenye mahakama za nchi aliyosomea. Wanasema hapa watabaki na wakubwa tu. Watakuja kukuomba usaini maelezo yako, yasomwe kule bila wewe kusafiri. Tafadhali usiwagombeze.

Mwanao, Gordon.

Kombewa, 2 Mei 1999

Gordon,

Afya yangu usiulize.

Walikuja wawili. Nikawauliza, "Mkubwa ni nani? Aliyeua wangapi?" Mmoja akasema, "Mama, hata kule kuna sheria." Sheria! Mimi ndiye niliyempigia Aoko siku ile kutoka posta. Alikuwa anacheka kwa furaha, Gordon. "Mama, tumepona! Tharcisse yuko getini na watu wake." Akaweka simu mezani, akaenda kuwafungulia. Haikukatika. Nilisikia mpaka mwisho. Hicho kicheko watakisomaje kwenye karatasi?

Sikusaini. Na wewe unaniambia nisiwagombeze! Wanakulisha nini huko?

Mama.

Arusha, 30 Mei 1999

Mama,

Nisamehe. Ile simu hukuwahi kunisimulia. Nimeshindwa kula tangu juzi.

Nimewauliza. Unaweza kwenda mwenyewe, kule wakikuita. Lakini wakili wake atasema hukuona kitu, ulisikia tu. Atakuita mwongo mbele ya watu. Utaweza?

Gordon.

Kombewa, 19 Juni 1999

Gordon,

Aniite. Mimi ndiye niliyemzaa Aoko. Sauti yake hawezi kunifundisha mzungu.

Jana nilikwenda Kisumu kupigwa picha ya pasipoti. Mpiga picha akaniambia nitabasamu kidogo. Nilimtazama mpaka akaomba msamaha.

Omba ruhusa kazini, tunakwenda wote. Wakikunyima, nitakwenda na Selpha wa kanisani. Na waambie hao wakubwa wako: wameihamisha mara moja, naifuata. Wakiihamisha tena kutoka huko, nitaifuata tena.

Mama yenu, wewe na Aoko.