Taarifa ya Bijou

Jumatatu, 4 Novemba

Umeme hakuna tena. Video ya wiki ya nne ya kozi yetu ya uandishi wa habari nimeitazamia redioni, jenereta ikiwa bado inawaka. Imekwama mara nyingi. Mwalimu alibaki mdomo wazi kwenye skrini, rafu ya vitabu nyuma yake. Somo la leo: tofauti kati ya anayehama na anayehamishwa. Tabianchi ikibadilika, anasema, watu wengi husimama katikati ya hayo mawili, na kazi ya mwandishi ni kuuliza swali moja zaidi. Mimi niliuliza swali hilo kabla yeye hajaota ndevu.

Mwishoni alisoma kazi mbili za wanafunzi kama mfano wa kuigwa. Moja ya mtu wa Niger. Nyingine ya Bijou.

Bijou ni mwenzangu hapa redioni. Hajawahi kuandika habari. Yeye husoma matangazo ya jioni: nani amefariki, nani anatafutwa, nani anamsalimia nani Basoko. Anacheka hewani na mji mzima unampenda. Mimi nimekuwa mwandishi wa habari kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikitamka jambo, watu wanaliamini. Hilo lilikuwa linanitosha.

Nina wivu. Nimeshaliandika, sasa nirudi kazini.

Jumatano, 6 Novemba

Kazi yangu ya wiki iliyopita imerudi. Maoni ya mwalimu: “Wazi na sahihi.” Ya Bijou imepata aya nzima. Nimeisoma juu ya bega lake. Hata hakuificha.

Mkurugenzi ametuita. Kozi ikiisha, kila redio itatuma taarifa moja. Itakayopokelewa itarushwa na redio zote zinazoshiriki, katika nchi nyingi. Hapa tunaosoma kozi ni sisi wawili. Atachagua yeye.

Yangu iko tayari: mmomonyoko unaokula nyumba katika komini ya Tshopo, hapa mjini kwetu. Nimekwenda mara sita. Kila nyumba iliyoanguka nina jina la mwenyewe. Ni taarifa safi. Sijasikia mtu akiiulizia.

Mchana nilikuwa nimeshika simu, nasoma tena yale maneno matatu. Bijou akaniona. Yeye huniita “ya”, yaani dada mkubwa.

“Ya Régine, uko unaangalia ile telefone kama vile mume wa mutu!”

Chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka, kidogo.

Ijumaa, 8 Novemba

Bijou amepata habari. Haikutafutwa, imemjia. Mwanamke mmoja alikuja kutuma tangazo kwa dada yake Isangi, chini ya mto: tumefika salama, tunalala katika shule huko Mangobo. Bijou akamfuata hadi shuleni. Kumbe ni familia saba, zimepanda mto kwa mitumbwi, watoto na kuku. Bijou anasema mto umewafukuza.

Mimi napita Mangobo kila siku. Sikuwaona.

Alirudi na viatu vimejaa matope na uso unang’aa. Mkurugenzi akasikiliza dakika chache za sauti alizorekodi, akasema, “Hii ndiyo.” Tangu nimjue hajawahi kuniambia neno hilo. Huniambia, “Sawa, Régine.”

Sikula vizuri. Pondu, majani yetu ya muhogo, ilikuwa na chumvi ya kutosha, tatizo si pondu.

Jumapili, 10 Novemba

Nimetoka misa nikaenda redioni. Hapakuwa na mtu. Sauti za Bijou zilikuwa kwenye kompyuta ya wote, nikazisikiliza. Hakuna sheria inayokataza.

Mwanamke anaongea Kilokele. Bijou ni mtu wa Kindu, haelewi hata neno, alikuwa na kijana wa jirani wa kumtafsiria nusunusu. Mimi naelewa. Mama yangu alikuwa Mlokele. Mwanamke anasema: tulibomoa vibanda, tukapakia nyavu, tukapakia vichanja vya kukaushia samaki, tukaondoka maji yalipopanda.

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Nyavu. Vichanja. Vibanda.

Hao ni watu wa kambi ya uvuvi! Maji ya mto yakipungua, wavuvi huhamia visiwani na kwenye mchanga, hujenga vibanda, huvua, hukausha. Maji yakipanda hufunga mizigo na kurudi kijijini. Kila mwaka. Bibi yangu alifanya hivyo maisha yake yote, nami nililala kwenye vibanda hivyo nikiwa mtoto. Hakuna aliyewahi kutuita waliohamishwa. Bijou amerekodi watu wanaotoka kazini.

Nilifurahi. Nilifurahi sana. Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu, sikutaka hata pikipiki.

Jumatatu, 11 Novemba

Kikao cha asubuhi. Nilisubiri Bijou amalize kueleza. Kisha nikasema, bila kupandisha sauti: nyavu, vichanja, vibanda, msimu. Nikaeleza kambi ni nini. Watu wawili wenye asili ya Isangi wakatikisa kichwa kukubali. Bijou akanitazama, akatazama meza.

“Lakini walilia, ya Régine.”

“Watu wanalia kwa sababu nyingi.”

Mkurugenzi akaiweka kando taarifa yake. Yangu ikawa ndiyo itakayotumwa.

Saa sita akaomba tuweke jambo sawa, kwa kuwa mtaani tayari wanasema shule imejaa wahanga wa mafuriko. Nikaandika habari fupi, nikaisoma mwenyewe: familia zilizo shuleni ni za wavuvi waliotoka kambini, kama ilivyo kawaida maji yanapopanda; hawakufukuzwa na mafuriko. Sentensi nne. Safi.

Jioni Bijou alisoma matangazo yake. Hakucheka hewani.

Nilidhani ningefurahi zaidi.

Jumatano, 13 Novemba

Bijou aliingia bila kubisha, akasimama mbele ya meza yangu.

“Chef wa quartier alikusikia. Amewaambia watoke. Donc, kama ni kawaida, warudie kwao. Radio imesema. Umesikia? Radio imesema.”

“Mimi nilisema ni wavuvi. Sikumwambia mkuu wa mtaa awafukuze.”

“Familia tatu zimekwenda tayari. Zilipakia jana asubuhi. Na wewe hukufika pale hata siku moja.”

“Najua kambi ni nini, Bijou.”

“Ndiyo, unajua. Unajua kila kitu.” Akatoka. Hakufunga mlango.

Nimeitazama video ya wiki ya tano hadi mwisho. Sikumbuki kitu hata kimoja.

Kuna jambo ambalo ningemfokea mwandishi yeyote anayeanza: nilirusha habari yenye chanzo kimoja, na chanzo chenyewe kilikuwa utoto wangu. Nisingeirusha kama ingekuwa ya mtu mwingine. Niliirusha kwa sababu ilikuwa inamwangusha Bijou.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda shuleni. Madarasa mawili ya mwisho, madawati yamesukumwa ukutani. Nyavu zimetundikwa dirishani. Hapo nilikuwa sahihi.

Mwanamke yule yule wa kwenye sauti. Anaitwa mama Alphonsine. Alikuwa anafunga godoro kwa kamba, zamu yao ya kutoka ilikuwa kesho. Nikamsalimia kwa Kilokele. Akaniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia ukoo wa mama. Akaketi juu ya godoro.

Nikamuuliza: mlitoka kambini? Ndiyo. Kila mwaka? Kila mwaka. Mkitoka mnarudi wapi? Kwetu Yatulembe, chini ya Isangi. Na mwaka huu?

Akasema walirudi. Walifika na mitumbwi yao kama siku zote. Ukingo ulikuwa umeanguka. Siyo maji kuingia nyumbani, hayo wanayajua, wanasubiri yatoke. Ardhi yenyewe ilikuwa imekwenda, na nyumba, na makaburi, na kanisa la bati. Walizunguka wakitafuta pa kufungia mtumbwi. Kisha wakapanda kuja huku.

Alisema hayo bila kulia. Akaniuliza kama mimi ndimi niliyesoma redioni. Nikasema ndimi.

“Sauti ni yenyewe,” akasema, akarudi kwenye godoro lake.

Lile swali moja zaidi lilikuwa: mnarudi wapi?

Ijumaa, 15 Novemba

Asubuhi nilimpigia muuguzi ninayemfahamu Isangi. Akathibitisha: Yatulembe imekatika, watu wametawanyika. Chanzo cha pili nilikitaka kisichojua cha kwanza. Nikashuka bandarini. Baleinière moja, zile boti kubwa za mbao, ilikuwa imefika usiku kutoka upande wa chini wa mto. Nahodha alikuwa anakula mkate juu ya magunia ya mkaa. Nikamuuliza kuhusu kijiji cha Yatulembe.

“Kijiji gani, mama? Pale sasa ndiyo napitisha boti.”

Nikamwomba arudie. Akarudia, akanionyesha kwa mkono jinsi anavyokata kona. Zamani alizunguka. Sasa ananyoosha moja kwa moja.

Nikamwambia mkurugenzi kwamba nitasahihisha katika taarifa ya saa sita. Hakutaka.

“Régine, redio haijikosoi. Watu watasahau.”

“Mkuu wa mtaa hatasahau, papa. Ndiyo maana anawatoa.”

“Basi sema ‘ilifahamika vibaya’.”

“Nani alifahamu vibaya?”

Nikaisoma mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa Lingala. Nilisema: Jumatatu mimi, Régine, nilitangaza hapa kwamba familia zilizo katika shule ya Mangobo zilikuwa zinarudi kwao. Sikwenda kuwauliza. Hawana pa kurudi, kijiji chao kimechukuliwa na mto. Nimekosea.

Baada ya hapo nilijifungia katika choo cha redio muda mrefu.

Saa tisa mkuu wa mtaa alipiga simu. Amekasirika, anasema redio inamchezea. Lakini familia nne zilizobaki zikae kwanza, hadi komini itakaposema. Zile tatu hakuna anayejua zilikoelekea.

Bijou alikuwa mlangoni wakati wote. Alisema neno moja tu, kama mtu anayesema haya basi: “Bon.”

Jumanne, 19 Novemba

Mkurugenzi ameuliza itumwe ipi. Nimesema ya Bijou. Kisha nikamwambia Bijou asikwepe habari ya kambi, aiweke mwanzoni kabisa, kwa sababu msikilizaji wa Isangi atamnasa palepale nilipomnasa mimi. Nikampa na maneno ya nahodha.

Ameiandika upya kwa siku moja. Inaanza na nyavu dirishani. Inaendelea kambini, inapita kijijini, inaishia kwa boti inayonyoosha njia. Ni taarifa nzuri kuliko yoyote niliyofanya mwaka huu. Nusu yake ni yangu na jina halimo.

Bado nina wivu. Umebadilika kidogo tu. Zamani nilimwonea wivu kwa kitu ambacho hakustahili. Sasa anastahili, na hilo ni baya zaidi.

Ijumaa, 22 Novemba

Kasoro moja. Mama Alphonsine anaongea Kilokele, na taarifa ni ya Kiswahili. Inahitajika sauti ya mwanamke ya kumtafsiri juu yake. Bijou hawezi kuwa msimulizi na mama Alphonsine kwa pamoja.

“Ya Régine. Utamusemea?”

“Watu watanijua.”

“Watu wanakuamini. Ndo nataka hiyo.”

Tumerekodi mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma kama habari. Bijou akanizuia: “Ule mama hasome habari, ya Régine. Ule anatafuta pa kufunga mutumbwi.” Nilitaka kumjibu. Nikarudi kwenye maikrofoni. Mara ya tatu akanyanyua kidole gumba nyuma ya kioo.

Alhamisi, 12 Desemba

Kozi imekwisha. Taarifa ya Bijou ilipokelewa. Imerushwa jana hapa kwetu, na wanasema itarushwa mbali. Mwalimu amemwandikia ukurasa mzima. Mimi nimepata cheti cha kumaliza, kwenye simu, bado hakijafunguka.

Familia nne bado ziko shuleni. Za familia tatu hakuna habari. Nimeuliza Lubunga, ng’ambo ya mto, nimeuliza bandarini. Kesho nitauliza tena.

Asubuhi nilikuwa nafagia mbele ya nyumba. Jirani, mjane anayeuza mafuta ya mawese, akavuka barabara na kunishika mikono yote miwili. Alisikiliza jana. Akanipa pole kwa kijiji chetu. Akasema hakujua kwamba kwetu kumekwenda na maji, na mimi kila siku namsalimia kama hakuna kitu.

Nikamwambia si kwetu. Nilikuwa namsemea mtu.

“Hata hivyo umeifanya vizuri, mama Régine. Ile taarifa yako imeniingia.”

Nikasema si yangu. Ni ya Bijou.

Akasema, ah, Bijou, yule wa matangazo. Akarudi kwenye mafuta yake. Nikamaliza kufagia.